Kumzoesha nyumbani greihaundi aliyestaafu mbio

Greihaundi ni mbwa mwembamba wa mashindano ya mbio, na anayestaafu ni mbwa mzima asiyejua nyumba. Kwa kawaida ana umri wa miaka miwili hadi mitano. Amezoea kupandishwa garini, kuvishwa kikapu cha mdomo, kupimwa uzito na kushikwashikwa mwili na watu wengi. Ngazi hajawahi kuipanda, hajui kwamba mlango wa kioo haupitiki, hajasikia mashine ya kufulia ikizunguka, na pengine hajalala hata usiku mmoja bila mbwa mwenzake kando. Wengi wanaokimbizwa Uingereza wamezaliwa Ireland, wakalelewa mashambani na ndugu zao, kisha wakahamishiwa mabanda ya mazoezi ambako mbwa wawili hukaa chumba kimoja. Huko chakula kina saa yake, kutoka nje kuna saa yake, na taa huzimwa wakati uleule kila siku.

Kazi ya wiki za mwanzo, basi, ni kumpa ratiba na kumfunulia nyumba kipande kwa kipande. Mambo huharibika pale anapopewa vyote kwa pamoja: nyumba nzima, jamaa wote, bustani ya mtaa na kochi, halafu siku ya tatu anafungiwa peke yake kutwa nzima.

Kabla hajafika

Anza na sakafu. Mbao zilizong'arishwa na vigae humtisha kwa sababu makucha hayashiki na miguu inatawanyika. Akianguka mara moja anaweza kukataa kabisa kuvuka sebule. Tandika mazulia membamba yenye mpira chini, yafuatane kutoka anapolala hadi mlango wa nyuma na hadi kwenye bakuli la maji. Mkeka wa yoga uliokatwa vipande unatosha kabisa kwa kazi hii.

Milango ya kioo ibandikwe utepe kwenye kimo cha macho yake. Siku ya kwanza mpeleke hadi pale akiwa kwenye kamba, gonga kioo kwa vidole, mwache aguse kwa pua. Greihaundi anayetoka mbio kuelekea uani bila kujua kuna kioo anaweza kuvunjika shingo, kwa hiyo usilione jambo hili kuwa dogo.

Kitanda kiwe godoro nene, sentimita 10 au zaidi, na upana usiopungua 110 kwa 75, maana hulala amejinyoosha, wakati mwingine chali miguu ikiwa juu. Mwili wake una mafuta machache na ngozi nyembamba. Akilala kwenye kitambaa tu atapata vidonda kwenye viwiko. Kiweke pembeni mwa chumba ambacho watu hukaa, mbali na mapito. Kama familia hukaa vyumba viwili, nunua vitanda viwili.

Uzio wa uani uwe na mita 1.5 hadi 1.8, na ukague chini yake pia. Uzio wa umeme usioonekana (waya uliofukiwa unaompiga mbwa shoti kupitia ukanda wa shingo), unaotumika Marekani, haumfai: akiwa amekaza mbio atakuwa ameshauvuka kabla hajahisi lolote, kisha ataogopa kurudi. Ng'oa waya na matawi makavu yaliyochomoza. Ngozi yake huchanika kama karatasi, na mchaniko ambao mbwa mwingine asingeuhisi kwake unahitaji kushonwa.

Jikoni, kumbuka kwamba pua yake inafika juu ya meza bila yeye kujinyanyua. Vitunguu, zabibu, chokoleti na chochote chenye zailitoli (sukari bandia ya pipi na bazoka) ni sumu kwake. Pilau na mchuzi uliokaangiwa vitunguu si chakula chake, hata shangazi akimwonea huruma. Mifupa iliyopikwa hupasuka kuwa vipande vikali na kutoboa utumbo.

Jambo moja kwa nyumba za Waislamu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kama nyumbani kuna mwenye kufuata hivyo, amueni kabla mbwa hajafika: chumba cha kuswalia kiwekewe geti la watoto (kizuizi kifupi cha mlangoni), bakuli zake zioshwe kando na vyombo vya familia, na kochi lisiwe lake tangu siku ya kwanza. Mbwa aliyeanza na mpaka huo huukubali kirahisi. Aliyeruhusiwa mwezi mzima kisha akafukuzwa haelewi amekosa nini.

Ukanda wa shingo

Shingo ya greihaundi ni pana kuliko kichwa chake, kwa hiyo ukanda wa kawaida humvuka masikioni akirudi nyuma kwa hofu. Anahitaji ukanda wa aina ya martingale, wenye upana wa sentimita 4 hadi 5, ambao hujikaza kidogo kamba inapovutwa. Uvishwe juu kabisa, nyuma ya masikio. Vuta kamba uangalie zile pete mbili za chuma: zikigusana, ukanda umelegea na atatoka, ziwe na nafasi ya vidole viwili kati yao. Kagua kila unapotoka, maana huteremka shingoni na kulegea wenyewe. Kwa mwoga, ongeza mkanda wa kifua na kamba ya pili.

Kamba iwe ya kawaida, mita 1.5 hadi 2. Ile ya kujikunja ndani ya kishikio cha plastiki usiinunue kamwe. Greihaundi hufikia mwendo mkali ndani ya hatua chache; akifika mwisho wa mita tano za kamba hiyo anaumia shingo, au kishikio kinakuponyoka na kumfukuza barabarani kikigonga lami nyuma yake.

Uingereza sheria inataka mbwa aliye mahali pa umma awe na kibati chenye jina na anwani ya mwenye mbwa, na awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Chipu tayari anayo. Hakikisha umebadilisha jina la mmiliki kwenye rejista. Namba za wino zilizo masikioni ni za usajili wa mbio na hazitamrudisha kwako akipotea.

Siku ya kwanza na ratiba

Akishuka garini asiingie ndani. Mpeleke uani kwenye kamba, zunguka naye taratibu hata kwa nusu saa, mpaka akojoe. Msifu kwa sauti ya chini. Kisha ingia naye chumba kimoja tu, kile chenye kitanda chake, na vyumba vingine vifungwe. Wageni wasije wiki nzima ya kwanza. Asipokula siku hiyo, usibadilishe chakula kumbembeleza. Ondoa bakuli baada ya dakika 15 na ulirudishe saa ya mlo unaofuata. Kuhema, kutembeatembea na kunywa maji mengi ni kawaida siku mbili tatu.

Ratiba inayofanana na ya bandani humtuliza haraka: saa kumi na mbili na nusu asubuhi nje, saa moja chakula na nje tena, saa nne matembezi ya dakika 20, saa saba nje, saa kumi matembezi, saa kumi na mbili jioni chakula na nje, saa nne usiku nje kwa mara ya mwisho. Unaweza kusogeza saa hizo zilingane na kazi yako, lakini zikishapangwa zisibadilike mwezi mzima, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.

Wengi wanaelewa haraka kwamba haja ni ya nje kwa sababu bandani walitolewa nje kwa saa. Wiki ya kwanza mtoe kila baada ya saa mbili, na kila akiamka au akimaliza kula, na utoke naye. Ukimfungulia mlango tu atasimama pale akikutazama. Akikojoa ndani mbele yako, piga makofi mara moja kumshtua, mtoe, asifiwe nje. Ukikuta dimbwi limeshapoa, pangusa unyamaze. Tumia sabuni ya vimeng'enya; dawa zenye amonia zinanukia mkojo na humwambia arudi palepale.

Kuhusu maneno, yafundishe kwa Kiswahili ukipenda, maana amri za nyumbani hakufundishwa kwa lugha yoyote. Sharti ni neno moja kwa jambo moja, na wote nyumbani walitumie hilohilo: "njoo", "subiri", "shuka". Kuketi usimlazimishe, misuli ya mapaja hufanya mkao huo uwe mgumu kwa wengi wao. Uliza jina aliloitwa bandani, kwa sababu lile la mbio huenda hajawahi kulisikia.

Usingizi wake

Hapa ndipo watu wengi hung'atwa, na karibu kila mara ingeweza kuepukwa. Bandani hakuna aliyemgusa akiwa amelala. Greihaundi wengine hulala macho yakiwa nusu wazi, hivyo anayekuja kumpapasa hudhani yuko macho. Mbwa anashtuka, anakurupuka kwa meno kabla ya kujua yuko wapi. Hakuna ukatili hapo. Ni mwili uliojibu kabla ya akili.

Kanuni ni hii: hakuna anayemgusa akiwa kitandani kwake. Ukitaka kumwamsha, simama hatua mbili au tatu mbali, mwite jina, ungoje anyanyue kichwa, kisha aje kwako. Watoto wadogo wasiachwe naye chumba kimoja bila mtu mzima, na kitanda cha mbwa kizungushiwe mstari wa utepe sakafuni, maana mtoto wa miaka minne huelewa mstari kuliko maelezo. Kochini na kitandani kwa watu asipande walau miezi mitatu ya mwanzo, hata kama nyumba yenu inaruhusu.

Akinguruma, usimkemee. Ngurumo ni onyo, na mbwa aliyeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kung'ata bila kuonya. Rudi nyuma, mwite sakafuni kwa kipande cha kuku, usimvute ukanda. Kisha jiulize nini kilimfikisha hapo, ukiondoe.

Ngazi

Weka geti chini na juu ya ngazi mpaka afundishwe. Anayejaribu mwenyewe hupanda kwa kuruka, akifika juu anaganda, kisha hushuka kwa kuruka kutoka hatua ya sita. Miguu huvunjika hivyo.

Kupanda kunahitaji watu wawili. Mmoja atangulie hatua mbili mbele na chakula. Wa pili awe nyuma, akigusisha mapaja yake na makalio ya mbwa ili asirudi kinyumenyume. Weka mguu wa mbele wa kulia kwenye hatua, kisha wa kushoto, kisha ya nyuma mmoja mmoja kwa mkono. Ukishaanza maliza hadi juu, maana kugeukia katikati ndiko kunakoangusha.

Kushuka ni kugumu zaidi, kwa hiyo fundisha kuanzia chini: apande hatua mbili tu, mgeuze taratibu, ashuke mbili. Kesho yake nne. Mtu asimame mbele yake akitembea kinyumenyume, mkono kifuani pa mbwa kumzuia asiruke. Dakika kumi mara mbili kwa siku zinatosha, na wengi huelewa ndani ya siku tano. Ngazi za mbao tupu zibandikwe zulia kwanza. Pasipo hilo mafunzo yote ni bure.

Kubaki peke yake

Mbwa huyu hajawahi kuwa peke yake, kwa hiyo upweke ni ujuzi anaopaswa kujengewa. Chukua likizo ya siku saba hadi kumi kama unaweza, lakini usiitumie yote kukaa naye, kwa sababu siku utakayorudi kazini itakuwa kishindo kikubwa zaidi.

Usiku wa kwanza lala karibu naye, hata kwenye kochi. Kila baada ya usiku mmoja au miwili sogea mbali kidogo, hadi mlangoni, hadi koridoni, hadi chumbani kwako. Wanaomfungia jikoni usiku wa kwanza wamwache alie mara nyingi hupata mbwa aliyechoka kulia, mwenye hofu ileile.

Mchana, kuanzia siku ya pili, tumia geti la watoto: wewe upande huu ukipika, yeye upande ule akikuona. Kisha toka machoni pake kwa sekunde tano, urudi bila shangwe. Kumi. Thelathini. Shika funguo na vaa viatu mara nyingi kwa siku bila kwenda popote, mpaka aache kunyanyua kichwa. Ndipo utoke mlango mkubwa: sekunde kumi, dakika moja, tatu, moja tena, tano. Kuchanganya ndefu na fupi ni muhimu, kwa kuwa akiona kila safari ni ndefu kuliko iliyotangulia ataanza kuogopa ya kesho. Siku zote rudi kabla hajaanza kulia. Simu ya zamani yenye kamera, ikielekezwa kitandani kwake, itakuonyesha ukweli. Mbwa aliyelala dakika ya ishirini yuko sawa. Anayehema akitazama mlango hayuko sawa hata kama hajapiga kelele.

Wenye hofu hii wengi hushindwa katika nusu saa ya kwanza. Akiweza kupumzika dakika 40, kufikia muda wa saa mbili hakuchukui siku nyingi. Hata akishazoea, usimwache zaidi ya saa nne mfululizo. Ukifanya kazi kutwa, panga mtu aje mchana. Kabla ya kuondoka atembee, akojoe, apewe kitu cha kulamba.

Mlango uliokwaruzwa, mate yaliyojaa sakafuni na mkojo unaoonekana tu ukiwa haupo ni hofu, kamwe si ukaidi. Rudi nyuma kwenye muda aliouweza na uanze hapo. Kumfungia kizimbani kunazidisha kwa mbwa wa Uingereza na Ireland, ambao hawakukulia humo. Wengine huvunja meno kwenye nondo. Wa Marekani walikaa kwenye vizimba walipokuwa mbioni, na wao mara nyingine hutulia humo mlango ukiwa wazi.

Matembezi, paka na mbwa wadogo

Dakika 20 mara mbili kwa siku zinamtosha. Wiki ya kwanza tumia njia moja fupi, ileile. Atakapoganda ghafla katikati ya barabara, na wengi huganda, usimkokote. Simama kando yake, subiri, kisha mzungushe nusu duara. Akishasogeza miguu huendelea. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10, au mvua, avae koti. Kwenye joto la zaidi ya nyuzi 24 mtoe alfajiri na jioni tu, kwani misuli hiyo huzalisha joto jingi.

Kamba haifunguliwi nje ya eneo lililozungukwa na uzio wote. Hata anayeitika vizuri nyumbani hasikii kitu akishamwona sungura.

Kwa mbwa wadogo, kumbuka huenda hajaona mbwa wa aina nyingine maishani mwake. Mvishe kikapu cha mdomo, ambacho hakimsumbui, na watembezwe sambamba mita tano kati yao kabla ya kunusana. Kwa paka, wiki ya kwanza watenganishwe na geti. Kisha kikapu mdomoni, kamba mkononi, paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia, dakika tano zatosha. Angalia mwili wa mbwa. Akitazama, akageuza kichwa ukimwita, endelea kesho. Akikakamaa, macho hayapepesi, jina halisikii, komesha. Siku tatu za namna hiyo, mpigie simu aliyekupa mbwa. Wapo greihaundi wasioweza kamwe kuishi na paka. Na aliyezoea paka ndani ya nyumba bado anaweza kumfukuza paka huyohuyo uani.

Chakula, meno na daktari

Omba shirika lililokupa mbwa likupe chakula alichokuwa akila cha siku kumi. Siku tatu za mwanzo changanya robo ya chakula kipya na robo tatu ya cha zamani, tatu zinazofuata nusu kwa nusu, kisha robo tatu kipya. Ukibadilisha ghafla atahara. Mbwa wa kilo 30 hula takriban gramu 350 hadi 450 za chakula kikavu kwa siku, zikigawanywa milo miwili, na asikimbie saa moja kabla na baada ya kula. Uzito mzuri ni kilo moja hadi mbili juu ya uzito wa mbio, mbavu mbili za mwisho zikionekana kidogo.

Meno ya greihaundi ni mabaya kuliko ya mbwa wengi. Piga mswaki kila siku kwa dawa ya meno ya mbwa, maana ya watu ina floridi, ambayo si salama akiimeza. Ukoga ulioganda hauondoki kwa mswaki, daktari ausafishe.

Tafuta daktari anayejua uzao huu. Vipimo vya damu vya greihaundi mzima wa afya hupotoka ukivilinganisha na vya mbwa wengine: seli nyekundu huwa nyingi, chembe sahani (zinazogandisha damu) chache, homoni ya thairoidi chini, kreatinini (kipimo cha figo) juu. Asiyejua atamtibu figo au thairoidi zisizo na ugonjwa. Wengine huvuja damu siku moja hadi tatu baada ya upasuaji, na dawa za usingizi za jamii ya barbitureti hukaa mwilini mwao muda mrefu. Yataje yote mawili kabla ya nusu kaputi. Wanaotoka Marekani wapimwe minyoo ya safura na magonjwa ya kupe.

Akichechemea kwenye lami na kutembea vizuri kwenye nyasi, tazama nyayo: pengine ni sugu, kiduara kigumu katikati ya kidole. Kuchechemea kusikoisha kwa wiki mbili kunahitaji picha ya eksirei, kwa sababu saratani ya mifupa si nadra kwao. Tumbo likivimba huku akijaribu kutapika bila kutoa kitu, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Huenda tumbo limejisokota, na kusubiri asubuhi ni kumpoteza.

Kwa mengine yote, mpigie mapema aliyekupa mbwa. Mashirika kama Greyhound Trust, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1975, yamezoea maswali haya, na mikataba mingi inataka mbwa akishindikana arudishwe kwao, asigawiwe mtu mwingine. Kabla ya kupiga, andika saa tatizo lilipotokea, kilichotangulia, na uwe na video ya dakika mbili. Hayo ndiyo watakayokuuliza kwanza.